Mji mdogo wa sufu na miji yetu ya karafuu

Bwana Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nijibu, kwa adabu na bila ya kumkusudia mtu ubaya, hoja ya msomaji mwenzangu aliyeandika hivi karibuni kwamba kazi ya kuhifadhi mambo ya kale ielekezwe Mji Mkongwe wa Unguja peke yake, kwa kuwa miji midogo kama Wete, Chake Chake na Mkoani haina historia inayostahili kugharimiwa. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimesomesha historia katika skuli za Pemba kwa zaidi ya miaka thelathini, na nakiri kuwa kwa muda mrefu nami nilisomesha kana kwamba historia ni mali ya miji mikubwa na ya wafalme. Kilichonibadilisha fikra ni mji mmoja mdogo wa shamba huko Uingereza, na ndio ninaotaka kuueleza hapa kwa kirefu kidogo.

Binti yangu anafanya kazi ya uuguzi katika mji wa Cheltenham, na mwaka niliokwenda kumtembelea nilikaa naye miezi mitatu. Siku zake za mapumziko alikuwa akinichukua kwa basi kwenda kuangalia vijiji na miji midogo ya vilima vya Cotswolds, na mji tuliourudia mara nne, kwa ombi langu mwenyewe, unaitwa Chipping Campden. Umo katika jimbo la Gloucestershire, na wakaazi wake ni elfu mbili na kidogo tu, idadi ambayo baadhi ya shehia zetu zinaipita. Hilo neno la mwanzo la jina lake, Chipping, ni Kiingereza cha kale sana lenye maana ya soko, kwa hiyo mtu akilitamka jina hilo ni sawa na kusema Campden ya Sokoni, na iko miji mingine ya jirani yenye jina la namna hiyo hiyo. Haki ya kuweka soko waliipata tangu karne ya 12, na mtaa mkuu wa leo, wenye upana katikati na mpindo kidogo kama mundu, ndio ule ule uliopimwa kwa ajili ya wachuuzi wa zama hizo.

Nyumba za mtaa huo zimeshikana ukuta kwa ukuta, za karne hii na za karne ile, hakuna mbili zilizofanana, lakini zote zimejengwa kwa jiwe la aina moja lenye rangi ya asali. Mara ya kwanza nilisimama nikapitisha kiganja changu juu ya ukuta mmoja, na nikaona ndani ya jiwe vipande vidogo vya makombe, kama vile tunavyoviona katika mawe ya matumbawe tuliyojengea misikiti na nyumba zetu. Binti yangu akacheka, akaniambia, "Baba, umekuja mbali kote huku kuja kupapasa ukuta?" Lakini ni kweli, Bwana Mhariri, kwamba jiwe lile lilifanyika chini ya bahari ya maji machache na ya vuguvugu, takriban miaka milioni 170 iliyopita, wakati nchi ile haikuwa na sura iliyonayo sasa. Nilijihisi, mimi mtu wa kisiwani, kuwa nimekutana na jamaa.

Mji ule umejengwa na kondoo. Nasema hivyo kwa maana yake kamili, kwani katika karne za 13, 14 na 15 sufu ndiyo iliyokuwa bidhaa kubwa ya Uingereza katika biashara ya nje, na sufu ya vilima vya Cotswolds ilisifika kwa urefu wa nyuzi zake na kwa uzito wa kila manyoya yanyolewayo. Kondoo wa huko, wenye miili mikubwa na shungi linaloangukia machoni, mpaka leo huitwa simba wa Cotswold. Wanunuzi kutoka Flanders na kutoka miji ya Italia walikuwa wakizinunua sufu hizo, na vijiji vilivyokaa kwenye njia ya biashara hiyo vikatajirika. Tajiri mkubwa kuliko wote wa Campden alikuwa William Grevel, aliyewahi kumkopesha fedha mfalme Richard wa Pili. Nyumba yake, ambayo ujenzi wake unakadiriwa kuwa wa mwaka 1380 au karibu yake, ingali imesimama mtaani na watu wanaishi ndani yake. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1401, akazikwa katika kanisa la James Mtakatifu mwishoni mwa mji, na juu ya kaburi lake lipo bamba kubwa la shaba lenye umbo lake na la mkewe, na maandishi ya Kilatini yanayomwita ua la wafanyabiashara wa sufu wa Uingereza nzima.

Nililisimamia bamba lile kwa muda. Mtu wa Pemba aliyekulia katika harufu ya karafuu hawezi kuyasoma maneno hayo asiwakumbuke wenye mashamba na wanunuzi wa karafuu wa enzi za babu zetu, ambao majina yao tuliyajua sote mtaani, na ambao leo hakuna hata kibao kimoja kinachowataja, wala wao wala wale waliopanda, waliopalilia na waliochuma, ambao wengi wao katika karne ya 19 walikuwa watumwa. Maana historia ya karafuu ina utajiri na ina uchungu ndani yake, na ni lazima yote mawili yaandikwe.

Kisha sufu ikaondoka. Wafalme wa Uingereza waliitoza kodi kubwa sufu ghafi inayosafirishwa nje, na wafumaji wa ndani ya nchi wakaanza kuinunua wao na kuuza vitambaa vilivyokwisha kufumwa. Lakini ufumaji ulihitaji maji yaendayo kasi ya kuendesha vinu vya kutwangia vitambaa, na maji hayo yalikuwa katika mabonde ya upande wa Stroud, kusini zaidi. Campden haikuwa na mto wa nguvu namna hiyo, kwa hiyo biashara ikahama na mji ukabaki na nyumba nzuri na mifuko mitupu. Hapa pana jambo ambalo nadhani wengi wetu hatulitii maanani: kwa karne nyingi zilizofuata, kilichouhifadhi mji ule ni ufukara. Watu hawakuwa na fedha za kuvunja na kujenga upya, wakawa wanaziba paa linalovuja na kubadilisha boriti iliyooza, basi. Nyumba zikabaki kwa sababu hakuna aliyeweza kuzibomoa. Ukitembea Wete leo ukaona duka la zamani lenye mlango wa mbao na baraza lake mbele, mara nyingi sababu ni hiyo hiyo.

Baada ya Grevel mtu mwengine aliyeacha alama kubwa ni Baptist Hicks, mfanyabiashara wa hariri wa London aliyekuwa akiuza nguo kwa watu wa kasri na akimkopesha fedha mfalme James wa Kwanza. Huyu alinunua eneo la Campden na kujijengea jumba la fahari lenye bustani za matuta karibu na kanisa. Jumba hilo halikudumu hata miaka arubaini, kwani mwaka 1645, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, askari wa upande wa mfalme waliokuwa wakilitumia walilitia moto walipokuwa wakiondoka, na leo yamebaki malango na vijumba vya pembeni tu. Aliyewahi kusimama Maruhubi, Unguja, kati ya nguzo za kasri la Sultani Sayyid Barghash, lililoungua mwaka 1899, ataielewa hali ya mahali pale bila ya kuhitaji maelezo mengine.

Vilivyodumu ni viwili alivyowajengea watu. Cha kwanza ni safu ya nyumba kumi na mbili za wazee wasio na uwezo, zilizojengwa mwaka 1612, sita zikiwa za wanaume na sita za wanawake. Mpaka leo, baada ya zaidi ya miaka 400, wazee wa mji wanaishi humo. Nilimwona bibi mmoja amekaa kizingitini anamenya viazi ndani ya bakuli, mlango wake uko wazi, na paka amejilaza miguuni pake. Sisi jambo hili tunalijua kwa jina la wakf. Nyaraka za Kamisheni ya Wakf zimejaa majina ya watu waliotoa nyumba, minazi na mikarafuu kwa ajili ya misikiti, visima na mafukara. Tunayo vilevile mila ya kuwatunza wazee kwa pamoja, kama wale wa nyumba za wazee za Sebleni na Welezo, Unguja. Tofauti niliyoiona ni kwamba Campden kila mtoto wa skuli anaweza kukwambia ni nani aliyezijenga zile nyumba na mwaka gani, na mimi, mwalimu wa historia, nilikuwa nikipita kila siku mbele ya msikiti wa mtaani kwetu bila ya kujua ni bibi gani aliyeuwekea wakf ule mnazi tuliokuwa tukinunulia mafuta ya taa zake.

Cha pili ni Jumba la Soko, la mwaka 1627. Msomaji asidhani ni jengo kubwa. Ni paa la mawe lililobebwa na boriti nene za mti, pande zote ni matao yaliyo wazi bila ya mlango wala dirisha, na sakafu yake ni ya mawe yaliyopangwa, yenye mabonde na vilima kwa kukanyagwa. Lilijengwa ili wauza siagi, jibini na kuku wapate pa kujikinga na mvua. Siku ya pili niliyokwenda mvua ilinyesha, nasi tukakimbilia humo pamoja na watu wengine kama kumi, na katika dakika chache watu wasiojuana walikuwa wameshaanza kuzungumza habari za mvua, mabasi na magoti yao yanayouma. Nilimwambia binti yangu kwamba hili si soko, hili ni baraza. Pale sakafuni, karibu na nguzo moja, jiwe limechimbika kiasi cha kina cha kiganja, na maji ya mvua yalikuwa yametuama ndani yake. Nikawaza ni miguu ya watu wangapi iliyohitajika kulichimba jiwe lile.

Jumba hilo nusura lipotee. Katika miaka ya 1940 ilikuwa liuzwe na kupelekwa Marekani, jiwe kwa jiwe, na watu wa mji walipopata habari wakachangishana fedha, wakalinunua wao, kisha wakalikabidhi kwa shirika la hifadhi liitwalo National Trust ili lisiweze kuuzwa tena. Naomba msomaji mwenzangu alizingatie hilo. Nchi ilikuwa vitani, chakula kikigawiwa kwa vibali, na mji wenyewe ulikuwa wa wakulima na mafundi. Hawakungojea serikali kuu iwaambie kuwa lile paa lina thamani.

Lakini hawakufika hapo kwa ghafla, na kuna watu waliowaandalia njia. Mwaka 1902 bwana mmoja aitwaye C. R. Ashbee, msanifu majengo, alikihamisha chama chake cha mafundi kutoka sehemu ya mashariki ya London na kukileta Campden. Chama hicho alikiunda mwaka 1888 kwa imani kwamba kazi ya mikono ina heshima ambayo mashine haiwezi kuirithi, na kwamba fundi anahitaji hewa, bustani na jirani mwema ili afanye kazi nzuri. Walikuja mafundi na wake zao na watoto wao, kama watu 150 hivi: masonara, maseremala, wahunzi, wafunga vitabu. Fikiri mji mdogo wa shamba kupokea kundi kama hilo la watu wa jiji kwa mkupuo mmoja! Walikodi kiwanda kikuukuu cha hariri katika mtaa uitwao Sheep Street, yaani Mtaa wa Kondoo, wakaanza kazi. Ilipofika mwaka 1908 chama kilikuwa kimeshafilisika, kwa kuwa wateja walikuwa mbali na vitu vilivyotengenezwa kwa mashine viliuzwa kwa bei nafuu. Hata hivyo baadhi ya mafundi hawakuondoka.

Katika kiwanda hicho, ghorofani, wapo masonara wa ukoo wa Hart wanaoendelea na kazi iliyoanzwa na mmoja wa wafuasi wa chama kile, na mgeni anaruhusiwa kupanda ngazi kuwaangalia. Nilipanda. Meza za kufanyia kazi ni za mti, zimeliwa na misumeno na moto, nyundo zimepangwa kwa ukubwa kwenye ukuta, na darini zinaning'inia karatasi za hesabu na maagizo ya wateja, zimetungwa kwenye kulabu, mafungu kwa mafungu, za miaka mingi, zimefanya rangi ya chai kwa vumbi na moshi. Fundi mmoja alikuwa akiligonga sahani la fedha kwa mapigo madogo madogo yaliyofuatana, akiligeuza kidogo kila baada ya pigo, na sikuona mahali alipokosea. Nilipotoka nje sikuweza kusema neno kwa muda, kwa sababu nilimkumbuka sonara wa mtaani kwetu, aliyekuwa akifua bangili na vikuku vya maharusi kwa kukaa chini na mvukuto wake mdogo, na ambaye alipofariki vyombo vyake viliuzwa kwa mizani kama chuma chakavu.

Mtu mwengine aliyehamia mjini baada ya Ashbee ni F. L. Griggs, fundi wa picha za kuchongwa kwenye mabamba ya shaba. Katika miaka ya 1920 kilima kiitwacho Dover's Hill kilipopigwa mnada, na ikahofiwa kuwa kitajengwa hoteli juu yake, yeye alikinunua kwa fedha ambazo hakuwa nazo za kutosha, mpaka kikaingia katika mikono ya lile shirika la hifadhi. Mwaka 1929 yeye na wenzake wakaanzisha jumuiya ya kuuhifadhi mji, ambayo ilinunua nyumba zilizochakaa, ikazitengeneza kwa mawe na chokaa kama zilivyokuwa, na ikahimiza kila mwenye duka asiuharibu uso wa mtaa kwa mabango. Nafikiri hapa ndipo penye siri yenyewe. Mji ule unaonekana kama haukuguswa, na ukweli ni kwamba umeguswa kila mwaka na watu waangalifu.

Kilima hicho kina sherehe yake. Tangu mwaka 1612 au karibu na hapo, mwanasheria aitwaye Robert Dover alikuwa akisimamia michezo ya kila mwaka juu yake: mieleka, mbio, farasi, kuruka, na mchezo mmoja wa ajabu ambao wanaume wawili hushikana mabegani na kupigana mateke ya miundi mpaka mmoja aanguke. Michezo ilisimama mwaka 1852, baada ya ardhi ya wote kugaiwa na kuzungushiwa nyua, ikafufuliwa mwaka 1951. Mimi niliishuhudia jioni ya Ijumaa. Vijana walijaza majani makavu ndani ya suruali zao ili kukinga miundi, mwamuzi alikuwa mzee mwenye fimbo, na umati ulikuwa ukishangilia kwa namna ambayo, kama ningefumba macho, ningedhani niko Pemba kwenye mchezo wa ng'ombe, pale dume linapotolewa na vijana wanaanza kulichezea, akina mama wakiwa wanaimba pembeni. Usiku ulipoingia watu waliwasha mienge wakateremka nayo mpaka mjini. Wenzetu hawaionei haya michezo yao ya shamba wala hawaiiti ushamba. Sisi mchezo wa ng'ombe tumeuachia wazee na wapiga picha wa kigeni.

Si kwamba kila kitu chao kilikuwa cha kujivunia, na wao wenyewe hawafichi. Agosti 1660 mzee wa miaka 70, William Harrison, msimamizi wa mali za bibi mwenye eneo lile, alitoka kwenda kukusanya kodi za mashamba na hakurudi. Mtumishi wake, John Perry, akasema kuwa mama yake na ndugu yake ndio waliomuua. Maiti haikuonekana, lakini mwaka uliofuata wote watatu walinyongwa, mama, ndugu na mtumishi mwenyewe. Mwaka 1662 Harrison akarudi mjini kwa miguu yake, akidai kuwa alitekwa na kuuzwa utumwani katika nchi ya Waturuki. Wengi hawakumwamini, na hata leo hakuna aliyejua kilichomkuta. Watu watatu waliuawa bure, na mji unaisimulia habari hiyo kwa wageni bila ya kuipunguza.

Na ziko dosari za leo. Nyumba zile nzuri zimekuwa ghali mno, zinanunuliwa na watu wa miji mikubwa kwa ajili ya mapumziko, na kijana aliyezaliwa pale, mwenye mshahara wa kawaida, hana tamaa ya kununua hata chumba. Stesheni ya treni ilifungwa mwaka 1966. Katika majira ya joto watalii hujaa kuanzia penye Jumba la Soko, ambapo huanzia njia ya kutembea kwa miguu ya maili 102 mpaka mji wa Bath, na mwenyeji hupata tabu kupata pa kuegesha gari yake. Sisemi basi kwamba tuige kila kitu. Mji unaotunzwa mpaka wenyewe wakashindwa kuishi ndani yake nao umepotea kwa njia nyengine, na sisi wa Unguja na Pemba tunapaswa kulijua hilo mapema.

Sasa nirudi nyumbani. Karafuu si mti wa asili wa visiwa hivi. Asili yake ni visiwa vya Maluku huko mashariki ya mbali, na ililetwa kwetu mwanzoni mwa karne ya 19 ikipitia visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake, na Pemba ikanusurika, na kuanzia hapo Pemba ndiyo iliyokuwa mama wa karafuu. Wete, Chake Chake na Mkoani zilikua kwa ajili ya bidhaa hiyo, kama Campden ilivyokua kwa ajili ya sufu: barabara, bandari, maduka, mizani, mabohari. Tukisema miji hii haina historia, tunasema kwamba bidhaa iliyoilisha Zanzibar kwa zaidi ya karne nzima ilitoka hewani.

Nakumbuka msimu wa vuno nilipokuwa mtoto. Majamvi yalitandikwa mpaka ukingoni mwa barabara, na karafuu zilizoanikwa asubuhi zikiwa za kijani na nyekundu zilianza kupiga kahawia kabla ya magharibi ya siku ya pili. Usiku tulikaa ukumbini tukichambua kwa mwanga wa kandili, karafuu huku na makonyo huku, vidole vimeingia weusi na harufu haitoki kwa sabuni yoyote. Wingu likitanda, mtu wa kwanza kuliona alipiga kelele, "Anueni! Anueni!" na mtaa mzima ulitoka mbio, kila mmoja akikunja jamvi lililo karibu naye, liwe lake au la jirani. Wanafunzi wangu wa miaka ya mwisho walikuwa hawalijui tena neno kuanua kwa maana hiyo. Walilijua kwa nguo tu.

Katika mji mmoja wa Pemba, ambao sitautaja kwa kuwa sikusudii kumlaumu mtu, lilikuwepo bohari la zamani la kupokelea karafuu, lenye kuta za mawe na chokaa, milango miwili mipana ya mbao na upenu mrefu ambapo wachumaji walikuwa wakingojea zamu zao za mizani. Miaka michache iliyopita nilipita nikakuta milango imekwishang'olewa. Niliuliza, nikaambiwa imeuzwa. Mwaka uliofuata paa likaporomoka upande mmoja, na sasa mahali pale panatupwa taka. Sikuandika barua wakati ule, wala sikumwendea Sheha, wala sikuwakusanya wazee wenzangu. Nilisikitika nikaenda zangu nyumbani. Hilo linanisumbua mpaka leo, na kila nikiikumbuka sakafu ya lile Jumba la Soko linanisumbua zaidi.

Disemba 25, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ya Mji Mkongwe iliporomoka, jengo la mwaka 1883, na nchi nzima ililia kwa haki. Nami nililia. Lakini Beit al-Ajaib ina walimwengu wanaoililia, kwa kuwa Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Bohari la karafuu lina sisi tu.

Kwa hiyo ombi langu, Bwana Mhariri, ni jepesi na halihitaji bajeti kubwa. Naomba watu wa Wete, Chake Chake na Mkoani waunde jumuiya ndogo katika kila mji, wazee na vijana pamoja, ambayo kazi yake ya kwanza itakuwa kupita mtaa kwa mtaa na kuandika daftarini kila nyumba ya zamani: nani aliijenga, ilikuwa duka la nini, nani aliuweka wakf msikiti huu, kisima hiki kilichimbwa na nani. Wanaoyajua hayo wana miaka sabini na themanini, na kila mwezi tunawazika. Kazi ya pili iwe kuchagua jengo moja tu katika kila mji, lisilo kubwa, na kulitengeneza kwa chokaa na boriti kwa michango ya wenyeji wa ndani na walioko nje, na kulifanya mahali pa kukaa watu, penye kivuli, ambapo mtu anaweza kupakimbilia mvua ikinyesha. Ngome ya Chake Chake imeshapata makumbusho yake, nalo ni jambo la kushukuru, lakini ngome ni historia ya watawala. Tunahitaji na ya mizani na majamvi. Walimu wa skuli wangeweza kuwapa watoto kazi ya kuwahoji mabibi zao, na nina hakika madaftari ya watoto hao yangejaa ndani ya wiki moja.

Mimi ninayo pishi ya mti ya marehemu baba yangu, aliyokuwa akipimia karafuu za wachumaji wake, yenye ukingo uliolika upande mmoja kwa kupitishiwa ubao wa kusawazishia. Ninalo pia daftari lake la vuno, majina ya wachumaji na hesabu ya pishi za kila mmoja, kwa hati ya Kiarabu, kurasa chache zimeliwa na mchwa. Jumuiya ya Wete ikiundwa, nitavikabidhi vyote viwili siku ya kikao cha kwanza, na kama hakuna pa kukutania, ukumbi wa nyumba yangu upo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba